Jiwe la Chumbani

Chumba chetu kilikuwa cha watu watatu na jiwe moja, na jiwe ndilo lililochukua nafasi kubwa. Anayeujua mtaa wetu wa Mabatini hatashangaa. Kule mlimani mawe yalitangulia, watu wakajenga palipobaki. Baba alipojenga, mwaka sabini na tisa, uwanja ulimwishia upande wa nyuma, na fundi akamwambia achague: ama nyumba iwe na chumba kimoja, ama jiwe liingie ndani. Jiwe likaingia ndani. Lilijaa kona nzima chini ya dirisha, kimo chake kifuani pangu, mgongo mpana umeinamia upande mmoja. Juu yake ndiko alikolala mdogo wangu Chenge, kwenye magunia mawili ya pamba yaliyoshindiliwa maranda, na kila baada ya siku chache aliteleza usingizini akatuangukia.

Mimi na dada Selestina tulilala kwenye kitanda cha futi tatu na nusu kilichobanwa kati ya jiwe na ukuta. Mwaka ninaousimulia, tisini na tano, Selestina alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na minne, Chenge kumi na miwili. Selestina alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, anakata samaki kwa zamu. Akiwa zamu ya usiku alirudi asubuhi wakati mimi nafunga vifungo vya sare ya shule, akajitupa palepale nilipotoka, kitanda kingali na joto langu. Aliogea sabuni mpaka ikawa kipande cha ukucha, na harufu ya samaki haikutoka. Nilimwambia. Mimi si mtu wa kukaa na jambo moyoni, na mume wangu ni shahidi.

Chenge naye alikuwa na yake. Aliokota vizibo, nyaya na betri zilizokufa, akavipanga juu ya jiwe kama duka. Aliota kwa sauti, anahesabu ng'ombe ambao hatukuwa nao. Na kila asubuhi tuligombana kuhusu kuvaa.

"Chenge, toka nje nivae."

"Nilitoka jana. Leo tokeni ninyi."

"Toka kabla sijakutoa."

Alitoka, lakini polepole, akiwa na shuka kiunoni, anapiga mluzi, na kwa huo mluzi wake ningeweza kumrushia ndoo. Kusema kweli nilikwisha kumrushia ndoo mara moja. Mama alinipiga kwa hilo, na ilikuwa haki yangu kupigwa.

Chumba cha pili kilikuwa cha baba na mama. Sebule ilikuwa na magunia ya mkaa, jiko la mama na mashine za cherehani za watu. Baba, mzee Nkwabi, alipunguzwa kazi kiwanda cha nguo miaka miwili kabla, yeye na wenzake wengi kwa siku moja. Watu walilaumu mitumba, kwamba ndiyo iliyoua vitenge vyetu. Lakini mitumba hiyo hiyo ilikuja na suruali za watu wanene wa Ulaya, mafundi cherehani wakapata kazi ya kuzipunguza mchana kutwa, na cherehani zao zikaharibika, wakamletea baba. Mama alikaanga mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki baada ya minofu kwenda kwa wenye pesa, akayauza barabarani. Tulikula, tulisoma, tulibanana. Sikuona kama ni maisha mabaya. Niliona tu kwamba mimi sina pa kuweka mguu.

Mwezi wa saba akaja baba mkubwa Paulo kutoka Magu. Alikuwa kaka wa baba, mrefu, mkimya, anavaa koti hata kwenye jua, na hakuwahi kuja mikono mitupu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: alishusha gunia la mchele, mama akachinja kuku. Tukala wote sebuleni, tumekunja miguu kukwepa mashine.

"Na ninyi watoto," akasema baba mkubwa, "mnaendeleaje humu ndani?"

Swali hilo lina jibu moja tu, na kila mtoto analijua. Unasema tunaendelea vizuri, shikamoo, unaendelea kula. Mimi nikasema, "Baba mkubwa, hatuendelei. Tunalala kama dagaa kwenye gunia. Chenge ameshakuwa mkubwa, hatupati hata pa kuvalia. Juzi ameniangukia kichwani."

Mama alinikata jicho, lakini neno lilikwisha kutoka. Katika ukoo wetu ukitoa neno kama hilo mbele ya kaka mkubwa wa baba hujalalamika. Umefungua shauri, na yeye lazima alikate, tena papo hapo, kabla hajanawa. Kulipuuza ni kumwambia mdogo wake kwamba taabu zake hazimhusu. Nililijua hilo. Kwa hasira ya kubanana nililisahau.

Baba mkubwa akaweka tonge chini. Akafikiri. "Mtoto amesema kweli," akasema. "Mvulana wa umri huu halali na dada zake. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili nitakuja kumchukua. Atakaa kwangu, atasoma kule." Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu na hakutaka kumwaibisha baba nyumbani kwake, akaongeza, "Labda nikute mmeshampatia mahali pake."

"Ahsante, kaka," baba akasema. Angesema nini kingine?

Nikamtazama Chenge. Alikuwa ameshika paja la kuku halili wala haliweki. Hakunitazama, wala siku ile hakupiga mluzi.

Mdomo uliponza kichwa, wanasema, lakini wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Wiki nzima nilimsubiri anigombeze, anitukane, anirudishie ndoo yangu. Hakufanya hivyo. Asubuhi alitoka kabla sijamwambia, akasimama nje kimya mpaka nimalize. Alikuwa anajifunza kutokuwepo. Hilo liliniuma kuliko kama angenipiga, na ndipo nilipojua kwamba sitaki aende. Nilitaka nafasi, sikutaka nafasi yake.

Nikamwambia Selestina, ambaye alikuwa anajaribu kulala. Hakufungua hata macho.

"Baba mkubwa amesema labda akute amepata mahali," akasema. "Kwa hiyo mtafutie mahali, uniache nilale."

"Mahali wapi?"

"Muulize huyo," akasema, akaligonga jiwe kwa kiwiko.

Aliropoka tu kwa usingizi. Mimi nilivaa kandambili nikaenda kwa Mama Odeta.

Mama Odeta alikuwa mvunja kokoto, mjane, anafanya kazi nyuma ya nyumba yake hatua mia moja juu yetu. Namna yao ya kuvunja jiwe ni hii: wanaliwashia moto juu yake, wanauacha ule polepole kutwa nzima mpaka jiwe lipate joto la ndani, halafu wanalimwagia maji. Jiwe linalia, linaachia gamba. Gamba linang'olewa kwa mtalimbo, linapondwa kwa nyundo, linakuwa kokoto. Wakati ule kila aliyepata pesa mjini alikuwa anajenga, hoteli, maghala, nyumba za ghorofa, na malori yalipanda mpaka kwake kuulizia.

Akaja kuliona jiwe letu. Alilizunguka, akalipapasa, akaweka shavu juu yake kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito.

"Lina ufa hapa," akasema. "Litakubali. Lakini moto utataka kwenda juu, na juu kuna bati la baba yako."

"Tunalitoa."

"Na malipo?"

Sikuwa na malipo. Akanitazama mikono. "Kokoto ni zangu zote," akasema, "na wewe kila ukitoka shule unakuja kuponda na mimi, mpaka liishe. Usiponde kwa hasira, utajiponda vidole."

Kumwambia baba ilikuwa kazi nyingine. Alikuwa ameinamia cherehani, sindano mdomoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema jiwe lile limemtangulia yeye kufika hapa, na kwamba kaka yake akisema amesema. Nikamjibu kwamba kaka yake amesema pia "labda." Nadhani na yeye alikuwa amelishikilia hilo neno tangu siku ile, akiogopa tu kuwa wa kwanza kulitaja. Siku ya pili alipanda juu na nyundo, akang'oa mabati matatu.

Ilikuwa mwezi wa nane, kiangazi, hatukuogopa mvua. Selestina alituletea makasha mabovu ya mbao kutoka kiwandani, Chenge akabeba maranda kwa maseremala, Mama Odeta akawasha. Moshi ulitoka kwenye paa letu siku nzima, na majirani wawili walikuja mbio na ndoo wakidhani tunaungua. Jioni alimwaga maji. Jiwe lililia kwa sauti ambayo sijaisikia tena, na gamba zito la unene wa kiganja likafunguka juu yake. Chenge akapiga mluzi. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia, akanisukuma, akasema nanuka moshi.

Basi tukaendelea hivyo, moto siku moja, kupumzika siku tatu. Tulilala sebuleni katikati ya mashine, tumelaliana, na ajabu ni kwamba sikulalamika. Kila jioni niliponda kokoto. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakawa magumu. Mwalimu aliniuliza kwa nini mwandiko wangu umekuwa wa kilevi. Mama alinipaka mafuta ya samaki mikononi bila kusema neno, na kwa mama huko kulikuwa ndiko kusema.

Mwisho wa mwezi wa tisa jiwe lilikuwa limeshuka mpaka magotini, na hapo Mama Odeta akaweka mtalimbo chini.

"Basi," akasema.

"Bado liko," nikasema.

"Litakuwepo siku zote. Mlichokuwa mnakiona ni kichwa. Kiwiliwili kimeingia chini ya ukuta, kinakwenda mpaka chini ya kitanda cha wazazi wenu. Nikishuka zaidi nitavunja nyumba, si jiwe."

Nilikasirika, nikalipiga teke, nikaumia kidole. Ni baba aliyeona faida ya lililobaki. Alipanda pale juu, akalala chali na viatu vyake, akanyoosha miguu. Lilimtosha. Akalisawazisha kwa mchanga na saruji kidogo, likawa kitanda, akarudisha na yale mabati matatu juu. Akasimamisha mbao za makasha kutoka sakafuni hadi darini kulitenga na upande wetu. Ilibaki namna ya kuingia, maana upande ule haukuwa na mlango, ulikuwa na dirisha tu. Akabomoa chini ya dirisha, likawa mlango mwembamba wa kutokea nje. Chenge alipata mahali pake, na mlango wake, na komeo lake la ndani. Aliingia na kutoka mara kumi siku ya kwanza, akibisha hodi na kujikaribisha mwenyewe.

Sisi tulibaki na kitanda chetu na ukuta wa mbao pua kwa pua. Dirisha lilikwenda na Chenge. Mchana ilibidi tuwashe koroboi kutafuta kiatu. Sikusema chochote, na Selestina akaniuliza kama naumwa.

Baba mkubwa alikuja wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili, na koti lake na gunia lake la mchele. Kabla hata hajakaa, baba alimpeleka nyuma. Sote tulifuata. Baba mkubwa aliinama kuingia mlangoni, akaupiga ukuta kwa kiganja, akakaa juu ya kile kitanda cha jiwe, akanyanyuka, akakaa tena.

"Mmefanya kazi," akasema. "Kijana ana mahali."

Chenge alikuwa mlangoni, anaangalia chini ili asionekane anacheka. Moyo wangu ulitua. Nilikuwa nimeshinda shauri nililolifungua mwenyewe, na niliona kwamba nimelipa.

Tukakaa kula. Baba mkubwa hakula. Alikata tonge, akalizungusha kwenye mchuzi, akaliacha. Mama akamuuliza hali ya mama mkubwa Dorotea.

"Yupo," akasema. "Jicho moja limefunga kabisa, hili la pili linaona vivuli. Anapika hivyo hivyo. Anapika ugali wa watu sita. Watoto wetu, wengine wameolewa, wengine wako Dar, yeye anapika wa watu sita, jioni anampa mbwa." Akanawa mikono ingawa hakuwa amekula. "Amekwisha kutandika kitanda cha Chenge. Amewaambia majirani wote kwamba mtoto anakuja. Nilimwambia mwezi wa saba, ndiyo maana. Siombi, Nkwabi. Nasimulia tu."

Nilimwangalia yule mzee na koti lake, na ikanijia mara moja kwamba mwezi wa saba hakuwa amekata shauri letu hata kidogo. Alikuwa ameona mlango umefunguka, akapita. Alitaka mtoto. Alikuwa kaka mkubwa, na kaka mkubwa hutoa, haombi, na kwa hiyo alikuwa ameomba kwa kujifanya anatoa. Miezi miwili nimeponda mawe kumnyima mtu kitu ambacho angekiomba tu.

"Si ungesema!" nikapaza sauti.

Mama akasema, "Justa!"

"Angesema! Watu wanaomba chumvi, wanaomba moto, yeye anashindwa kuomba mtu? Mama mkubwa haoni, halafu anatuletea mchele!" Machozi yalikuwa yanatoka na nilikuwa nimeyakasirikia na hayo. "Nitakwenda mimi. Nimalizie la saba kule. Mimi napika, naosha, kuni nabeba. Chenge hata chai anaunguza."

Mtoto hampazii sauti baba mkubwa. Nilingoja kofi la baba. Baba alisimama, akanishika mkono, akanitoa nje mpaka kwa Chenge, mlangoni.

"Umesema kwa hasira au kwa moyo?" akaniuliza.

"Kwa hasira," nikasema. "Lakini moyo umekubali."

Halafu alivishika viganja vyangu, akavigeuza, akavipapasa pale palipokuwa pagumu. Akarudi ndani akamwambia kaka yake kwamba Justa atakwenda. Nilisikia baba mkubwa akisema "wabeja," asante ya kwetu, mara mbili, na ya pili haikutoka vizuri.

Aliyekataa ni Chenge. Aliingia kwake akatia komeo, hakutoka kula, hakutoka asubuhi. Mama aliniwekea nguo zangu kwenye mfuko, Selestina aliyekuwa ametoka zamu akanivulia sweta yake na harufu yake yote. Baba mkubwa alikuwa amesimama uwanjani, anaangalia barabara. Nikaingia chumbani gizani, nikapanda kitandani, nikaweka mdomo kwenye ufa wa mbao.

"Chenge. Naondoka."

Nilimsikia anapumua. Zile mbao hazikuficha kitu.

"Nimefanya kazi yote ile ubaki," nikasema, "na wewe unanifungia mlango."

"Ulifanya ili nibaki na wewe," akasema. "Hukusema nitabaki peke yangu."

"Selestina yupo."

"Selestina analala mchana. Usiku hayupo." Sauti yake ikawa ya mtoto mdogo kabisa. "Sasa nani atakuwa ananigombeza?"

Nilicheka, na kicheko kikageuka katikati. Nikamwambia nitarudi Pasaka, nimgombeze ya miezi yote kwa mkupuo mmoja, na ole wake nimkute hajatandika. Alipitisha vidole viwili kwenye ufa. Havikupita zaidi ya kucha. Nikavishika hivyo hivyo, mpaka baba aliponiita kwamba basi la Magu limeonekana.

Nililia kuanzia Mabatini mpaka Kisesa. Baba mkubwa alikaa pembeni yangu, mfuko wangu juu ya magoti yake, na hakuniambia ninyamaze.